Nilihariri Maneno ya Mwisho ya Mke Wangu, Sasa Binti Yetu Anasikia Kengele

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na nauomba upesi kidogo, kwa sababu daktari wangu, kijana mstaarabu asiyependa kutaja tarehe, mwezi uliopita aliacha kuniandikia dawa za miezi mitatu akaanza kuniandikia za wiki mbili mbili, na mtu aliyesoma kama mimi haambiwi mara mbili. Nina miaka themanini na moja. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na ukiona mistari inapanda mlima usinihukumu, mkono ndio unaotetemeka, akili bado iko mezani.

Nianze na kazi yangu, maana kosa langu limetoka humo. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa mhariri wa sauti redioni. Enzi zetu sauti ilikaa kwenye utepe, na utepe ulikatwa kwa wembe ukaungwa kwa gundi, ndiyo maana wale wenzangu wawili waliobaki hai hadi leo wananiita Wembe. Nilijua kukata, Mshauri, siwezi kujizuia kusema hivyo hata nikiwa naungama. Nilikata vikohozi, chafya, "eee" na "yaani", nilikata pumzi katikati ya sentensi, na mkubwa mmoja aliyehutubia dakika arobaini bila kufika popote nilimpunguza hadi dakika mbili zenye maana, akaja mwenyewe ofisini kunishika mkono akasema, "Sikujua nina akili hivi." Mke wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa lugha na hakuwahi kuvutiwa na sifa zangu, alikuwa akiwaambia wageni, "Mume wangu analipwa kuwatoa watu pumzi. Mwenzake, malaika wa mauti, anafanya bure."

Kompyuta zilipoingia nilikuwa nakaribia kustaafu. Nilijifunza programu ya kuhariri sauti kwa hasira, na baada ya mwezi nikawa mlevi wake. Unaiona sauti kwenye skrini kama milima na mabonde, unachagua kipande, unakikata, unakibandika kwingine, ukikosea unatendua, jambo ambalo wembe haukuwahi kuniruhusu na ndoa pia haikuniruhusu. Na kuna sehemu ya kuondoa kelele. Unaichagulia mashine sekunde chache ambazo hakuna anayesema, unaiambia hii ndiyo kelele, ikariri sura yake, nayo inaisaka katika rekodi nzima na kuifuta. Mvumo wa feni unaondoka, friji inaondoka, mvua juu ya bati inaondoka. Wenzangu walistaafu na saa za ukutani, mimi nilistaafu na programu hiyo.

Tuna watoto wawili. Kifungua mimba ni wa kiume, fundi wa majokofu, anaishi mtaa wa nyuma. Kitinda mimba ni wa kike, mpima ardhi, na kazi yake iko mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Miaka sita iliyopita mama yao alipougua, simu ya nyumbani niliishika mimi, na kila binti yangu alipopiga kuuliza nilimjibu, "Mama yako anaendelea vizuri, leo amekula, amecheka, wewe maliza kazi yako." Alikuwa amekula vijiko viwili. Kucheka ni kweli alicheka, alikuwa ananicheka mimi. Nilikuwa nahariri bila hata mashine. Nilidhani nampunguzia mtoto mzigo, nikampunguzia na siku, maana alifika siku nne baada ya maziko, amesimama mlangoni na begi lake begani na matope ya kazini bado kwenye viatu, akaniuliza swali moja tu.

"Baba, si ulisema anacheka?"

Nikamjibu kwamba ugonjwa uligeuka ghafla. Haukugeuka, Mshauri. Ulikuja kwa miguu, polepole, mchana kweupe, nami nikauona kila siku.

Kaka yake, kwa uchungu, akamwambia mbele za watu kwamba kwake kazi ina thamani kuliko mama, na yule mtoto aliyapokea yale maneno kama mtu anayepokea mzigo wake halali.

Sasa nikupeleke nyuma kidogo, wiki tatu kabla ya msiba. Asubuhi moja mke wangu aliniambia, "Leta hicho kidude chako, nataka kusema na wanangu mwenyewe. Nikikutuma wewe utawapelekea muhtasari."

Nikaweka kinasa sauti juu ya stuli karibu na mto wake, nikavaa hedifoni kama niko kazini. Taa nyekundu ilipowaka, sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Na wewe Wembe, usikate kitu."

Hiyo ndiyo sentensi ya kwanza niliyoikata.

Alisema dakika arobaini na saba. Dakika kumi na moja zilikuwa za watoto, za baraka na maonyo, na mdogo alitajwa humo mara moja tu, aambiwe avae viatu vya maana huko porini. Dakika thelathini na sita zilizobaki zilinihusu mimi. Taulo langu juu ya mlango. Kijiko ninachokirudisha kwenye sukari kikiwa kimelowa. Kwamba nasikia friji ya jirani ikibadili mlio lakini yeye akiniita kutoka jikoni simsikii. Kwamba miaka hamsini amekula meza moja na mwanamume anayemtazama mdomo akitafuta mahali pa kukata. Nilikuwa nimevaa hedifoni, kwa hiyo kila neno liliingia katikati ya kichwa, na kwa hasira nikainuka kummiminia chai nikaigonga chupa ya chai ikaanguka. Kwenye rekodi unasikia kishindo, unasikia mimi natafuta fagio mahali lisipokuwa, kisha unamsikia yeye.

"Hiyo ilikuwa ya mama yangu."

"Samahani," nasema mimi, na fagio linakwaruza.

"Haya, nimekusamehe. Lakini zoa vizuri, kuna watu wanatembea peku humu ndani."

Mtu aliyekuwa akitembea peku humo ndani ni yeye peke yake, na alikuwa hajakanyaga sakafu kwa wiki mbili.

Baada ya msiba binti yangu alikaa jikoni siku tatu hali kitu. Nikimsogezea sahani anaisogeza mahali pake, kwa adabu. Siku ya tatu akasema, "Angeniachia neno moja tu, Baba. Hata la kunigombeza." Nikamwambia neno lipo, mama yako aliwarekodia, nipe nafasi nilisafishe. Nikaingia chumbani nikafungua kompyuta. Nilianza kwa uaminifu kabisa, nikaondoa feni. Halafu nikaondoa taulo. Halafu kijiko. Kufika saa sita mchana nilikuwa nimejiondoa mimi mzima, dakika thelathini na sita, na kwenye spika akabaki mwanamke mpole, mtakatifu, ambaye sikuwahi kumwoa.

Lakini kwa binti yangu bado palikuwa na viatu tu. Basi nikachukua "mwanangu wa mwisho" kutoka kwenye ile sentensi ya viatu, nikachukua "nimekusamehe" kutoka kwenye chupa ya chai, nikakata "haya" mbele na "zoa vizuri" nyuma, nikaviunga. Katikati nikaweka sekunde moja ya ukimya wa chumba kile kile, kwa sababu kila chumba kina ukimya wake, ukitumia wa chumba kingine sikio linajua. Unaona nilivyokuwa makini. Mwizi aliyejipangusa miguu kabla ya kuingia.

Tatizo ni kwamba wakati mke wangu anasema neno lile, mimi nilikuwa nazoa. Mkwaruzo wa fagio mashine iliufuta vizuri. Ila kigae kimoja cha chupa kiligonga mguu wa stuli, ting, katikati kabisa ya neno, na programu ile inajua kufuta kinachodumu, haijui kufuta kinachopita mara moja. Nikijaribu kukikata kwa mkono, neno linaondoka na silabi yake, linabaki "nimekumehe", na marehemu alikuwa mwalimu wa lugha. Nikapunguza sauti yake kidogo, nikajiambia hakuna atakayesikia.

Binti yangu alisikia mara ya kwanza.

"Baba! Umesikia? Aliposema amenisamehe kengele imelia."

"Kengele gani?"

"Rudisha nyuma."

Nikarudisha. Ting.

"Hapo! Baba, hiyo haikutoka humu ndani."

Akalia, akalia sana, kisha akanawa uso akala sahani mbili. Hebu niambie, Mshauri, ni baba yupi angesimama wakati ule aseme, mwanangu, hiyo ni chupa ya chai?

Imekuwa miaka sita ya kengele. Huyu ni mtu anayepima mipaka ya watu kwa sentimita, haamini hata ukuta uliosimama mpaka ameuwekea kifaa, lakini kengele anaiamini. Amewasikilizisha wafanyakazi wenzake. Mama mkwe wake aliiomba kwenye simu. Kaka yake aliisikiliza mara moja, hapa sebuleni, na kisanduku chake cha zana kiko magotini, akasema, "Mama hajawahi kuongea dakika kumi na moja bila kumgombeza mtu. Huyu mmemtoa wapi?" Akanitazama mimi. Kisha akafunga kisanduku akaondoka, na hajauliza tena, jambo ambalo linanisumbua kuliko kama angeuliza.

Sasa binti yangu amechukua likizo amekuja kuniuguza. Ananiosha, ananikata kucha, kila alasiri ananiwekea ile rekodi kwenye simu yake tuisikilize pamoja, na kengele ikilia ananibonyeza mkono. Mimi natikisa kichwa kama kondakta wa bendi. Juma lililopita akanijia na furaha.

"Baba, na wewe ujirekodi, kama Mama. Sema yote, hata ukikohoa. Nitaisafisha mwenyewe."

"Utaisafishaje?"

"Nimejifunza ile programu yako. Nitatumia kompyuta yako hiyo hiyo. Mwosha huoshwa, mzee wangu!"

Akacheka. Nikacheka na mimi, nikakohoa hadi akaniletea maji.

Mshauri, ndani ya kompyuta hiyo rekodi nzima ipo. Mhariri wa zamani hatupi asili. Dakika arobaini na saba ziko kwenye folda ambayo, siku ile ya kazi, niliiita Takataka. Mara tatu nimeweka kidole nizifute na mara tatu nimekiondoa, na si kwa uaminifu. Ni kwamba nazisikiliza. Binti yangu akitoka mchana kwenda duka la dawa, navaa hedifoni nagombezwa. Taulo, kijiko, friji ya jirani. Watoto niliwagawia mtakatifu, mke nikajibakizia mwenyewe.

Nimezunguka sana, na nafika mahali ambapo mtu mwaminifu angeanzia. Katika zile dakika nilizokata kuna maneno haya, nayajua kwa moyo: "Na kitinda mimba wangu, mkimwona analia kwamba hakuja, mwambieni hana kosa. Atakujaje mtu anayeambiwa mama yake anacheka? Nilimsikia baba yake kwenye simu, nilikuwa nimelala, sikuwa nimekufa. Mzee huyu kila kitu anakipaka sukari. Mwambieni kila siku namsubiri, na kila siku najua kwa nini hajafika." Nilikata kwa sababu nilikuwemo mimi. Nikajiambia msamaha ni mtamu kuliko maelezo.

Sasa nifanye nini? Nifute folda niondoke na siri yangu, kengele iendelee kulia? Au nimwambie, nimnyang'anye kengele ya mama yake wiki zile zile ambazo anajiandaa kunikosa na mimi? Nakiri ninachoogopa, na ni kitu kidogo cha aibu. Kila asubuhi ananiosha miguu kwenye beseni. Naogopa nitamwambia ameshamaliza mmoja, aondoke, aniachie wa pili.

Ukiichapisha barua hii najua utaifupisha, nimekula mkate wa kazi hiyo. Kata pale nilipojisifu.

Ni mimi,
Wembe Butu

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Naitoa mapema, kwa sababu nikishaanza kukugombeza naweza kuisahau.

Nimeisoma barua yako nikicheka, nikafika pale pa mtu anayetembea peku nikaacha kucheka, nikafika pale pa folda nikaiweka chini. Pole kwa ugonjwa. Pole kwa mke wa aina hiyo, maana wa aina hiyo wakiondoka nyumba inakuwa na nafasi nyingi mno. Pole nimemaliza, sasa tuongee.

Wewe unaniuliza habari za kengele. Mzee, kengele si tatizo lako. Umehangaika nayo kurasa tatu kama mtu ambaye nyumba yake inaungua na yeye anatafuta soksi ya pili. Msamaha hupewa nani? Hupewa mkosaji. Mama wa watu alisema kwa kinywa chake, mtoto huyu hana kosa. Wewe ukalikata neno hilo, ukampa mtoto msamaha badala yake, na mtoto wa watu kwa miaka sita anatembea kama mfungwa aliyehurumiwa, kumbe hakimu alishamwachia huru asubuhi ya kwanza. Anakushukuru, mzee! Anakuosha miguu kwa shukrani! Mama yake alimfungulia mlango, wewe ukaufunga, ukampitishia zawadi dirishani.

Na usiniambie ulimwonea huruma. Huruma ilikuwepo, sikatai, sahani mbili si jambo dogo. Lakini angalia ulichokata na ulichoacha. Huruma ya kweli ingekata viatu ikaacha yale maneno. Ulichokuwa unamlinda siku ile si binti, ni mzee mmoja mwenye hedifoni.

Unaogopa kwamba ukisema atakuchukia. Inawezekana, kwa muda. Unaogopa ataacha mguu mmoja. Basi na auache! Mguu wenye sabuni haujaua mtu. Kaa nao kwenye beseni, maji yapoe, ungoje. Ninavyomsoma mimi huyo binti, atarudi, kama si kwa upendo basi kwa kazi, mpima ardhi haachi kipimo nusu. Na asiporudi siku hiyo, utakuwa umelipa siku moja kwa miaka sita, nafuu kubwa.

Lakini ukifuta ile folda hutakuwa na nafuu yoyote, na yeye pia. Utakuwa umemkata mkeo mara ya pili, na safari hii hakuna kutendua. Na ukiiacha bila kusema, yeye mwenyewe ataikuta siku akifungua kompyuta kusafisha sauti ya baba yake marehemu. Atakuta sauti ya mama yake kwenye folda yenye jina lile, na hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Mzee, kumwachia mtoto kaburi la kubishana nalo ni uoga. Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa, basi usiufiche mbele ya uliowazaa.

Sikiliza sasa utakavyofanya. Usingoje Jumatatu. Gazeti hili likikufikia, mpigie simu mwanao fundi wa majokofu mwambie aje baada ya chakula cha mchana, saa ile ile unayojificha na hedifoni, na siku hiyo binti asitoke kwenda duka la dawa. Lazima awepo. Yeye ndiye aliyemtwika dada yake lawama mbele za watu, na alimtwika kwa habari ulizozihariri wewe. Naye ana mzigo wa kuushusha, na nadhani ameshauhisi tangu siku alipofunga kisanduku.

Wakiketi, sema sentensi tatu, si zaidi. Nilikwambia mama yako anaendelea vizuri, haikuwa kweli. Mama yenu aliniambia nisikate kitu, nikakata. Hii hapa yote.

Kisha washa, kwa spika, si kwa hedifoni, tangu "usikate kitu" hadi mwisho. Ukishawasha, ikalie mikono yako. Nasema kweli, iweke chini ya mapaja, naijua mikono ya wahariri. Usisogeze mbele pale pa taulo. Usikohoe pale pa simu. Utashawishika kubadilisha jina la ile folda kabla hawajafika, uiite "Mama" au "Asili" au kitu cha heshima. Usibadilishe. Na akikutazama, usitupe mzaha. Nimekusoma vizuri: kila panapouma barua yako inachekesha, na ilinichukua kusoma mara mbili kugundua kwamba huo nao ni wembe. Siku hiyo uweke chini.

Itafika chupa ya chai. Atasikia kishindo, atasikia fagio, atamsikia mama yake, atasikia ting. Hapo usimweleze kitu. Mwache yeye mwenyewe apime. Kazi yake imemfundisha kwamba jiwe la mpaka likihamishwa hurudishwa mahali pake hata kama watu wameshajenga, na kwamba anayeumia zaidi ni yule aliyejenga akiamini. Anaweza kukasirika. Anaweza kucheka. Anaweza kuendelea kuiita kengele, na akitaka hivyo usimkatalie, hata wewe huwezi kuniambia kwa nini kigae kile kilingoja silabi ile. Lakini dakika chache kabla au baada yake atakuwa amesikia "kila siku namsubiri, na kila siku najua kwa nini hajafika", na akishasikia hayo, kengele haitakuwa tena kitu cha kushikilia kwa mikono miwili.

Baadaye, siku yoyote akitaka, ujirekodi kama alivyokuomba. Kohoa utakavyo. Umwachie aihariri apendavyo, akikupunguza hadi dakika mbili zenye maana, umshike mkono umwambie hukujua una akili hivi.

Jambo la mwisho, na hili ni lako peke yako. Umeandika barua nzima kama mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsamehe. Mzee wangu, "nimekusamehe" ya mkeo haikuwa ya binti, ulimkopesha tu. Ilitolewa kwako, kwa jina lako, ukiwa umeinama na fagio, na aliyeitoa alikuwa ameshayasikia yote uliyosema kwenye simu. Ukishamrudishia mtoto lililo lake, na wewe lichukue lililo lako. Zoa vizuri tu, kama ulivyoagizwa.

Barua zinazofika mezani hapa huwa tunazipunguza hadi nusu safu, na mhariri wangu alikuwa ameshachukua kalamu yake nyekundu. Nimemnyang'anya. Yako imetoka kama ulivyoiandika, pamoja na pale ulipojisifu. Sikukata kitu.